Mke wa Ayubu

Msalaba wa kwanza kusimikwa Kilwa uliletwa na watu wenye mizinga. Ilikuwa Julai 1505. Mreno Francisco de Almeida aliuteka mji wa Kisiwani, akaanza kujenga ngome, na mapadre Wafransisko waliokuwa katika msafara wake wakamshukuru Mungu kwa nyimbo huku askari wakipora majumba. Kufikia 1512 Wareno walikwishaondoka, wala hawakuacha kanisa nyuma yao.

Ukristo unaoukuta leo Kilwa Masoko au Lindi mjini haukutoka huko. Uliteremka kutoka bara, kwa miguu. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walianza Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Wabenediktini wakafungua Lukuledi na Nyangao miaka ya 1890, wakachomewa misheni zao wakati wa vita vya Majimaji, wakarudi kujenga upya. Watoto na wajukuu wa misheni hizo ndio walioshuka pwani baadaye: walimu, wauguzi, makarani, polisi, wachuuzi. Walikuta miji ambayo adhana ilikuwa imesikika kwa karne nyingi, wakapanga vyumba, wakaoa na kuolewa humo humo. Bado ni wachache. Jumapili asubuhi ukikaa barazani Masoko, akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wanaokwenda misa unawajua mmoja mmoja kwa vitenge vyao na kwa majina ya watoto wao.

Mama yangu mdogo ni mmoja wao. Watu wa Dar wakisikia kwamba aliugua saratani ya titi akiwa Kilwa, huniuliza kwa huruma kama alipata Wakristo wenzake wa kumwombea. Swali hilo hunichekesha. Aliombewa mpaka akachoka.

Alizaliwa upande wa Nyangao, akafundisha shule za msingi hadi akastaafu. Ni Mkatoliki wa kusali rozari huku anachambua mchele. Kaka yake, mjomba wetu, ni Mwislamu, mvuvi mwenye ngalawa yake na kauli fupi. Kusini jambo hilo halimshangazi mtu. Tumbo moja humzaa Augustino na Athumani, na pilau huliwa Idi na Krismasi. Isitoshe sisi ni Wamwera, ukoo wetu hufuata upande wa mama. Baba ana heshima yake, lakini jambo zito haliamuliwi mpaka mjomba akae kitako: posa, mirathi, mtoto aliyeshindikana na, kama ilivyotufika, titi la kukatwa.

Kivimbe kilianza kama kokwa ya ubuyu. Hakikuuma, na ubaya wake wote ulikuwa hapo. Saratani ya titi mara nyingi huanza bila maumivu, na mwanamke aliyefundwa tangu unyagoni kuvumilia hata kinachouma hatapanda gari kwenda hospitali kwa sababu ya kitu kisichouma. Mama mdogo alikaa nacho. Alipoamua kukionyesha, hakumwonyesha daktari wala hakumweleza padre. Alimwonyesha somo yake, bibi aliyemfunda usichanani, ambaye kwa bahati naye alikuwa amehamia kwa wanawe hapo Masoko. Yule bibi alikibonyeza, akanyamaza, akasema hili si la mizizi yangu, kesho nenda hospitali na mimi nakusindikiza. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu uponyaji maishani mwangu. Sijasikia lililozidi hilo.

Walimkata kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa maabara mbali, na majibu yakachukua muda ambao hakuna aliyetueleza sababu yake. Ni katika muda ule ndipo kila mtu aligeuka mtaalamu. Neno lililorudiwa kuliko yote ni kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Fulani alikuwa mzima, akapasuliwa, akafa. Neno hilo halikuzuka hewani. Nchini kwetu wagonjwa wengi wa saratani hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwenda mbali. Anapasuliwa mtu ambaye ugonjwa umekwishaingia kwenye mapafu au ini, anafariki baada ya miezi michache, na waliobaki wanakumbuka kisu, kwa sababu kisu walikiona. Kuchelewa hakuna aliyekuona. Ukimbishia mtu wa namna hiyo kwa dharau humsaidii, maana anachosema amekishuhudia kwa macho yake. Kosa liko katika kutaja chanzo.

Mjomba aliitisha kikao. Alisikiliza habari za kisu kusambaza, akasikiliza na habari ya mchungaji fulani wa mafuta ya upako, kisha akaleta hoja mbili ambazo sikuzitegemea kwake. Ya kwanza ilikuwa Kikwete. Novemba 2014, akiwa bado Rais, Jakaya Kikwete alipasuliwa tezi dume huko Baltimore, Marekani, akawatangazia wananchi kwamba ni saratani na kwamba iligunduliwa mapema, akawahimiza wengine wakapime. Mkewe, Mama Salma, ni mtu wa Lindi. Kwa hiyo Kikwete, kwa mjomba, si Rais mstaafu, ni shemeji. “Shemeji alipasuliwa. Shemeji anatembea,” alisema, kikao kikacheka, na kicheko kile kilifanya kazi ambayo vipeperushi vya wizara havijaifanya.

Hoja ya pili ilikuwa bibi yetu, mama yao. Yeye alipasuliwa tumbo miaka ya 1950 katika misheni ya Mnero, upande wa Nachingwea, enzi za Daktari Leader Stirling. Vijana hawamjui tena mtu huyo na ni hasara. Mwingereza huyo alifika 1935 kufanya kazi chini ya UMCA, akaanza upasuaji Masasi na Lulindi katika mazingira ambayo daktari wa leo angeyakimbia, akahamia Mnero mwaka 1949 na kukaa hadi 1964. Baadaye akawa Mtanzania na, tangu 1975, Waziri wa Afya wa Mwalimu Nyerere. Kwa wazee wa kusini jina lake lina maana moja: kisu na sala vilikaa chumba kimoja. Aliyekupasua ndiye uliyemwona kanisani. Hakuna aliyekwambia uchague. Na waliopasuliwa hawakuwa Wakristo tu. Waislamu wa vijiji vya jirani walibebwa kwa machela hadi pale, wakarudi makwao na makovu yao na swala zao tano.

Kwa hiyo mjomba Mwislamu ndiye aliyeitetea hospitali kwa kutumia misheni, na jirani yetu Mkristo ndiye aliyekuwa na chupa ya mafuta. Namtaja bila kumlaumu. Mwaka 2011 nilikuwa miongoni mwa waliocheka magari yaliyopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, shilingi 500 kwa kila mtu, dawa ya kisukari, UKIMWI, saratani na mengine. Siku hizi sicheki sana. Sisi wa Kilwa tuna historia yetu ya maji. Vita vya Majimaji vya 1905 vilianzia hapa wilayani, kwenye vilima vya Umatumbi, na waliokunywa na kunyunyiziwa maji ya mganga Kinjikitile hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechapwa viboko katika mashamba ya pamba mpaka wakahitaji jambo la kuamini. Mtu aliyeambiwa ana saratani naye anahitaji jambo la kuamini, na analihitaji leo, si baada ya majibu ya maabara. Ninachomshitakia muuza mafuta ni muda. Hachukui shilingi tu. Anachukua ile miezi ambayo kivimbe kingali kinaweza kukatwa kikaisha.

Safari ya Dar ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Masoko. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mgonjwa alilazimika kusubiri pantoni Rufiji, na msimu wa mvua alisubiri hadi akasahau anaumwa nini. Sasa ni lami, basi linatoka alfajiri na mchana uko Mbagala. Lakini lami hii nayo ina tabia zake. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara pale Somanga, kusini yote ilibaki upande wake na Dar upande wake. Asiyeweza kusubiri alitakiwa kuzunguka kwa Tunduru na Songea, safari ambayo mzima huifikiria mara mbili. Mama mdogo alikuwa na tarehe ya kliniki wiki ile. Aliikosa. Watu hudhani imani ya mgonjwa hujaribiwa na kifo. Ya kwake, kadiri nilivyoiona, ilijaribiwa zaidi na nauli, mvua, na sauti ya dirishani inayosema faili halionekani.

Nyumba yangu ni ndogo na iko Mbagala, mita chache kutoka Barabara ya Kilwa. Alifikia hapo, yeye na binti yake, mdogo wangu. Kwa sera, matibabu ya saratani katika hospitali za umma ni ya msamaha. Kwa mfuko, hakuna kilicho bure. Kuna vipimo vinavyolazimu kufanywa nje, kuna daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kuna maziwa, kuna vocha ya kuwajibu wanaouliza hali. Jumuiya ndogondogo ya Kikristo ya Masoko ilichanga. Msikiti anaoswali mjomba ulichanga. Fedha zilikuja kwa simu, kiasi kidogo kidogo, nyingine zikiwa na jina la mtu ambaye hakuna kati yetu aliyemfahamu.

Usiku wa kuamkia upasuaji, padre alikuwa amekwishampaka mafuta ya wagonjwa. Mjomba akapiga simu, akataka spika iwashwe, akasoma Fatiha na dua ndefu iliyokatwa mara mbili na mtandao. Mama mdogo alisikiliza hadi mwisho na rozari mkononi, akaitikia amina. Kisha akamuuliza kaka yake kama pweza wanapatikana.

Walimtoa titi lote pamoja na tezi za kwapani. Daktari alitueleza vizuri, kwa Kiswahili cha kueleweka, kwamba tezi hizo ndiyo njia ambayo saratani hupenda kupita, na kwamba zikiondolewa mkono wa upande ule unaweza kuvimba kwa sababu majimaji yamepoteza mkondo wake. Kwa hiyo asibebe ndoo kwa mkono huo, asipimwe presha wala asichomwe sindano upande huo, na afanye mazoezi. Mazoezi yenyewe ni ya kuchekesha kuyatazama na machungu kuyafanya: unasimama mbele ya ukuta, unapandisha vidole taratibu kwenda juu mpaka bega likatae. Mama mdogo aliomba chaki. Kila asubuhi aliweka alama pale vidole vilipofika, akaandika na tarehe. Ukuta wangu wa sebuleni ukageuka daftari la mahudhurio. Siku alama iliposhuka badala ya kupanda alijigombeza kama anavyogombezwa mtoto wa darasa la pili.

Baada ya kidonda kukauka ndipo ikaja mionzi. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iko ufukweni kabisa, katika majengo yaliyoanza kama hospitali ya Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na tangu 1996 ni taasisi inayojitegemea kwa sheria. Mionzi huenda siku tano kwa wiki, wiki baada ya wiki, kila mara kwa dakika chache tu; kinachochosha ni kwenda na kungoja. Kwenye mabenchi yale watu wa mikoa yote huulizana wametoka wapi, na wa kusini hutambuana kabla ya kuulizana. Mama mdogo alimpata mtani wake huko, Mngoni wa Songea mwenye saratani ya koo ambaye sauti ilikuwa imemkauka. Waliteta kila siku nani kati yao atamzika mwenziwe na kwa ng’ombe wa nani. Muuguzi mgeni alishtuka kuwasikia. Kwa wale wawili ilikuwa dawa ambayo haikuandikwa kwenye cheti.

Na wageni? Hapo ndipo Ayubu anapoingia.

Katika Biblia, marafiki watatu wa Ayubu huanza vizuri. Wanakaa naye chini, kimya, siku saba. Wanaharibu wanapofungua midomo, wanapoanza kumtafutia kosa lake. Nyumbani kwangu walikuja wa namna hiyo. Mmoja alitaka mama mdogo akumbuke ni nani hakumsamehe. Mwingine alisema Mungu amempa mtihani kwa kuwa anampenda, naye akajibiwa kwa upole kwamba basi upendo huo upunguzwe. Mama mdogo alikisoma kitabu hicho kizima mara kadhaa katika ugonjwa wake, na alichokipenda humo si uvumilivu unaohubiriwa. Alipenda kwamba Ayubu analalamika kurasa kwa kurasa na Mungu hamfukuzi. “Huyu si mvumilivu,” aliniambia, “huyu ni mdai.” Sala zake baada ya upasuaji zilikuwa za kudai. Alimdai Mungu usingizi, alimdai mkono wake, na mara nyingine alimnyamazia kabisa, kama anavyomnyamazia mtu wa nyumbani aliyemkera.

Mjomba alipokuja kumtazama walibishana, kwa sababu Ayubu wa mjomba ni mwingine. Pwani hii imemsimulia Ayubu kwa muda mrefu. Kuna utenzi mzima wa Kiswahili juu yake, wa zamani, ambao Alice Werner aliuchapisha karne iliyopita. Katika masimulizi ya Kiislamu, watu wote wanapomkimbia Ayubu kwa harufu ya vidonda vyake, anabaki mkewe. Mara nyingi humwita Rahma. Anamuuguza, anafanya vibarua wapate kula, na kuna wasimulizi wanaosema aliuza hata nywele zake. Mke wa Ayubu wa Biblia amepewa sentensi moja tu, ya kumwambia mumewe amlaani Mungu afe. Halafu haonekani tena, hata mwisho Ayubu anaporudishiwa mali maradufu na kupata watoto wengine kumi.

Sikuwahi kuliona pengo hilo mpaka nilipowasikia wale wazee wawili wakigombana sebuleni. Katika kitabu cha mama mdogo kuna mgonjwa, kuna Mungu, kuna wageni wenye maneno, na hakuna mtu anayeosha vidonda. Vurugu nzima ya kuuguza imeachwa nje ya hadithi. Mjomba alikuwa anatuletea, kutoka kwenye dini yake, mtu aliyekosekana kwenye yetu. Na wakati wanabishana kama Rahma yupo au hayupo, alikuwa jikoni, anachemsha maji ya kumwogeshea mama yake.

Mdogo wangu ndiye aliyemwaga majimaji ya mpira uliotoka kwenye kidonda, akapima na kuandika kila mara kama alivyoelekezwa. Ndiye aliyeosha matapishi ya zile dripu za dawa za saratani, aliyenyoa nywele zilizobaki, aliyelala sakafuni karibu na kitanda asije akakosa kusikia. Ndiye aliyeshona kijifuko cha kitambaa, akajaza pamba, mama yake akakiweka ndani ya sidiria aende nacho misa bila kutazamwa. Mimi nilitoa nyumba na fedha kidogo, na nikasifiwa sana. Wanaume husifiwa kwa bei nafuu katika mambo haya.

Nilimuuliza siku moja kama imani ilimsaidia. Nilitegemea jibu la kanisani; kwaya ya parokia ilikuwa yake pia. Akafikiri, akaniambia, “Kaka, mimi sikuwa na nafasi ya kusali. Nilikuwa naamini kwamba nyinyi mnasali.”

Jibu hilo limekaa nami kuliko ushuhuda wowote. Tumezoea kuitazama imani ya mgonjwa kama mali iliyo moyoni mwake, anayo au hana, kubwa au ndogo. Nilichokiona kwetu kilikuwa kimegawanywa. Mmoja alisali, mwingine alidai, mwingine alisoma Fatiha, mwingine hakusali kabisa bali alichemsha maji, na hakuna aliyekuwa na kitu kizima mkononi. Siku ambazo mama mdogo hakuweza hata kushika rozari, akina mama wa jumuiya walikuwa wanaisali Masoko, kwa zamu, wakitaja jina lake. Hakusikia. Alijua tu kwamba ni saa yao.

Amerudi Kilwa. Anameza tamoksifeni, vidonge vya kila siku kwa miaka mitano au zaidi kwa wale ambao saratani yao hulishwa na homoni, na anakwenda kliniki kila anapopangiwa, barabara ikiruhusu. Hasemi amepona. Akiulizwa husema yupo. Mchungaji mmoja alitaka akatoe ushuhuda wa muujiza mbele ya watu. Akamjibu kwamba ataanza na majina ya madaktari, na atamaliza na ya kaka yake, naye ni Mwislamu, kama hilo halina shida. Hakuitwa tena.

Kilichobaki kilikuwa genge la mdogo wangu. Alikuwa akiuza chapati na samaki wa kukaanga karibu na stendi, na katika muda wote wa kuuguza mtu mwingine alilichukua eneo lake, mtaji nao uliisha kwa nauli. Mama mdogo alisimama kwenye mkutano wa jumuiya akaomba mchango mmoja zaidi. Wakamweleza kwamba utaratibu wao ni wagonjwa na misiba, na Bwana asifiwe, yeye sasa hajambo. Akawauliza aliyeuguza anaingia fungu gani. Ulikuwa mjadala mrefu. Mwenyekiti alifungua daftari la katiba yao mara mbili, mama mmoja akanuna. Mwisho walitoa nusu ya kiasi alichoomba, na wakaandika kwamba ni mkopo. Mjomba alijitolea samaki kwa mali kauli, alipwe wakishauzwa. Genge limefunguliwa upande wa pili wa barabara, mahali ambapo jua linapiga hadi alasiri. Mdogo wangu analalamikia jua. Chapati, anasema, zinatoka.